Mama yake Pamba

Nianze kwa kukiri: nililipa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye foleni ya jioni hapa Nairobi, mvua ikinyunya. Kijana alikuja dirishani na vilebu wawili, mmoja kila mkono, weupe kama pamba. "Madam, Japanese Spitz original, amechanjwa." Akatoa na kadi. Binti yangu kule nyuma alikuwa ameshampa mmoja jina. Kutoka 20,000 nikamshusha hadi 12,000, nikatuma M-Pesa kabla magari hayajasonga, nikajiona mjanja wa biashara.

Pamba alikula siku mbili. Ya tatu akatapika, ya nne akahara damu, na ile harufu ukiinusa mara moja huisahau. Daktari wa mifugo alimpima, akasema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vilebu, akamtundikia dripu. Kisha akamfunua mdomo. "Meno ya nyuma bado hayajatoka yote, mama. Huyu hana hata wiki sita, na alipaswa kukaa na mama yake hadi wiki nane." Kadi nayo ilikuwa na mhuri tu, bila ile stika ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ya chanjo. Siku hizi kadi ya mbwa naisoma kama hati ya shamba.

Alikufa alfajiri ya siku ya sita.

Nilimpigia yule kijana nikiwa nimewaka. Hakubisha hata kidogo. Alinielekeza kwa mzee wake, nikachague mwingine kwa nusu bei. Nikaenda, nikijiambia naenda kugombana.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vizimba vya mabati vyenye sakafu ya waya, kama vya sungura. Ndani ya kimoja alikuwa mama yake Pamba. Manyoya yalikuwa rangi ya maji ya kudekia, matiti yakigusa waya, kucha zimerefuka hadi zikajikunja. Hakubweka. Alitutazama, akageukia ukutani. Nikauliza amezaa mara ngapi. Mzee akacheka: "Huyu hapumziki. Akiingia joto tu, anapandwa." Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na joto huja takriban mara mbili kwa mwaka. Ugomvi wote ukanitoka. Nikamnunua huyo mama kwa 8,000, nikarudi nyumbani nikijiona mwokozi, nikamwita Tumaini.

Nilitegemea daktari atanisifu. Alinyamaza, akanawa mikono, akasema, "Umempa mtaji." Na kweli, jirani yangu alipopita kule mwezi uliofuata, kile kizimba kilikuwa na jike mwingine, mdogo, bado mweupe.

Siku ya kumfunga Tumaini kizazi ndipo daktari aliponisimulia habari za Lucy, jike wa aina ya Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, mgongo umepinda kwa kukaa kizimbani. Tangu Aprili 2020, England ina sheria inayoitwa kwa jina lake: dalali haruhusiwi kuuza kilebu wa chini ya miezi sita. Ukitaka mbwa, nenda kwa mfugaji mwenyewe ukamwone na mama yake, au uchukue kwenye kituo cha wanyama waliookolewa. Sisi hatuhitaji kungoja Bunge ndipo tuombe kumwona mama.

Mbwa wetu wa pili ni koko mwenye sikio moja lililolala, tuliyemtoa KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi. Ndiye anayebwekea wageni. Tumaini bado hawezi. Mlango ukigongwa yeye huingia chini ya meza.

Juzi shemeji alinipigia, ameona tangazo la vilebu wa German Shepherd, wiki tano, bei nzuri. Nikamwambia asitume hata shilingi kabla hajamwona mama yao. Baada ya nusu saa akanirudia: muuzaji anasema mama amesafirishwa Nakuru.

Safari gani hiyo, shemeji, na watoto bado wananyonya?