Msalaba wa Shaba pale Borodino

Treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Belorussky, Moscow, ilinishusha Borodino baada ya saa mbili na ushei. Umande ulikuwa bado haujakauka. Nikashika njia kwa miguu, nikikatiza uwanja ambako Warusi na jeshi la Napoleon walichinjana kutwa nzima, tarehe 7 Septemba 1812.

Kilichonipeleka ni kitu kimoja tu, nacho kimo ndani ya kabati la kioo kwenye makumbusho: msalaba wa shaba, haujazi kiganja, wenye vitundu vya kupitishia uzi. Wanamgambo wa Kirusi wa 1812 waliushonea mbele ya kofia. Umeandikwa "Za Veru i Tsarya", yaani kwa ajili ya Imani na Tsar, mfalme wa Urusi. Nchi haikutajwa. Neno la tatu, "Otechestvo", liko kwenye msalaba wa wanamgambo wa Vita vya Crimea, mwaka 1855: Imani, Tsar, Nchi ya Baba.

Nilikaa sana pale nikiwawaza wenye kofia. Wengi walikuwa wakulima waliomilikiwa na mabwana wa ardhi, wakatolewa jeshini kama mtu anavyotoa farasi. Wengine walikwenda vitani na mikuki, maana bunduki hazikutosha. Waliosalimika walirudi kwa mabwana wale wale. Mwaka 1814 Tsar Alexander I alitoa tangazo la shukrani, na wakulima, "watu wetu waaminifu", wakaambiwa ujira wao watalipwa na Mungu. Uhuru walikuja kuupata 1861. Kila nikiukumbuka mstari ule moyo hunichoma.

Nje, uwanja huohuo una vibanda vya zege vya kupigania vya mwaka 1941. Oktoba ile, divisheni ya 32 ya Kanali Polosukhin iliwakabili Wajerumani hapahapa. Tsar alikuwa ameshaondoka tangu 1917, na dini haikuwa tena na nafasi jeshini. Askari wakahimizwa kwa "Za Rodinu, za Stalina!", yaani kwa ajili ya Rodina, kwa ajili ya Stalin! Rodina ni nchi uliyozaliwa, na Warusi huiita mama. Safari hii nchi ilitangulia, ila jina la mtawala halikukosa pa kukaa.

Niliinama kwenye kibanda kimoja. Ndani ya tundu la bunduki kulikuwa na maua mawili mekundu, mabichi bado. Warusi huwapelekea wafu maua kwa idadi ya shufwa.