Mjerumani aliyezaliwa zama za Riner

Jumapili usiku. Shingo inauma, sikio la kushoto limevimba, na bado nimeshika simu natazama mapambano ya zamani ya mcheza judo Andreas Tölzer. Wiki hii kocha alitufundisha mbinu ya chini inayoitwa kwa jina lake, na mimi nikishabanwa nikakosa pumzi lazima nijue aliyeanzisha balaa hilo ni nani.

Tölzer ni mzaliwa wa Bonn, 27 Januari 1980, na klabu yake ilikuwa ya Mönchengladbach. Alicheza uzito wa juu kabisa, ule wa zaidi ya kilo 100. Mwaka 2006 akawa bingwa wa Ulaya, na hilo si taji la kubeza hata kidogo, maana Ulaya hiyo ina Warusi na Wageorgia ndani yake. Alikuwa na miaka 26, umri mzuri kwa mzito. Ungesema njia ni nyeupe.

Mwaka uliofuata, kule Rio de Janeiro, kijana wa Kifaransa mzaliwa wa Guadeloupe akatwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Teddy Riner. Basi tena.

Tölzer alifika fainali ya dunia Tokyo mwaka 2010, akamkuta Riner. Akapigana mwaka mzima, akafika tena fainali Paris 2011, mbele ya Wafaransa waliojaa ukumbini, akamkuta yuleyule. Medali mbili za fedha. Kinachonikereketa ni hiki: katika mashindano yaleyale ya Tokyo, siku chache baadaye, Riner alipoteza fainali ya wazi, ile isiyo na kikomo cha uzito, kwa Mjapani Daiki Kamikawa. Kumbe alikuwa anafungika! Baada ya hapo hakufungwa tena mpaka Februari 2020, mapambano 154 mfululizo. Dirisha lilifunguka wiki ileile, likamfungukia mtu mwingine.

Nilimsimulia dogo mmoja tunayefanya naye mazoezi, akaniuliza, "Sasa kaka, mtu wa kufungwa fainali mbili tunajifunza nini kwake?"

Nikamwambia apige magoti, ajikunje.

Wazito wengi wakikosa kuangusha hawana habari na kazi ya chini. Mmoja anajikunja kifudifudi kama kobe, viwiko vimebana mbavuni, kidevu kifuani, mwingine anamlalia mgongoni kwa ajili ya kuvuta pumzi tu, refa anasema "mate", yaani acheni kwa Kijapani, wanasimama. Watazamaji wanapiga miayo. Tölzer sekunde hizo ndizo alizokuwa akizisubiri. Anamjia aliyejikunja, anapenyeza mguu hadi kwapani, anafunga miguu yake pembetatu ili kichwa cha yule bwana na mkono wake mmoja vinaswe pamoja humo ndani. Kisha mkono unakamata mkanda. Hapo kwenye mkanda mimi ndipo ninapopenda kusimamisha video, kwa sababu hana papara. Anakaza kwanza, anasikilizia, halafu ndipo anajilaza upande, na jitu la kilo mia na zaidi linapinduka chali. Miguu haiachii. Refa ananyoosha mkono, saa inaanza. Enzi hizo ulihitaji kumshikilia mtu sekunde 25 upate ippon, ule ushindi kamili unaomaliza pambano papo hapo. Siku hizi ni 20. Kwa aliyelaliwa na Tölzer nadhani tano tu zilitosha kujutia kuzaliwa.

Mbinu hii haidai mwili mkubwa. Inadai mtu asikubali kwamba pambano limesimama. Ndiyo maana leo wanaitumia hata wanawake wa uzito mwepesi, na dogo wangu wa kilo 60, aliyeinuka pale mkekani akijipapasa shingo, sasa ananisumbua kila jioni nimwonyeshe mguu unaanzia wapi.

London 2012 nimeitazama tena na tena. Tölzer ana miaka 32, hajawahi kuvaa medali ya Olimpiki. Safari hii Riner yuko upande mwingine wa ratiba, kwa hiyo mwanya upo. Nusu fainali akapangiwa Alexander Mikhaylin, Mrusi aliyewahi kutwaa ubingwa wa dunia huko nyuma 2001, mzee mwenzake kwa viwango vya mkeka. Akapoteza. Mikhaylin akaenda fainali kufungwa na Riner, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile.

Ilibaki shaba, na mpinzani alikuwa Ihar Makarau wa Belarus, bingwa wa Olimpiki wa Athens 2004 katika kilo 100. Watu huizungumzia mechi ya shaba kana kwamba ni mabaki ya mezani. Ukitoka kuvunjwa moyo nusu fainali halafu ukaambiwa urudi mkekani siku hiyohiyo umkabili bingwa wa Olimpiki, sidhani kama utaita mabaki. Tölzer alishinda. Wajerumani wakaondoka London na medali nne za judo: fedha za Ole Bischof na Kerstin Thiele, shaba za Dimitri Peters na Tölzer.

Dogo bado anasisitiza kwamba bila dhahabu hesabu haijakamilika. Hatujaelewana. Nimemtumia video ya fainali ya Tokyo aitazame mwenyewe.