Chano cha samaki taa: mpingo unashika gundi, acheni kutisha watu

Kila fundi niliyemuuliza hapa Tanga jibu lake lilikuwa hilohilo, mpingo haushiki gundi, piga skrubu. Skrubu kwenye chano cha kupakulia pilau jamani? Basi chano changu kipo, kimeoshwa mara kibao, kimebeba mpaka pilau la hitma, na maungio hayajaachia hata pa kupitisha unywele.

Nilitaka umbo la samaki taa, mabawa mawili ya mfenesi, ile njano yake, katikati uti wa mpingo unaotokeza nyuma ukawa mkia, ndo mshikio wenyewe. Mfenesi nilipata kwa jirani, ulishakauka zamani darini kwake, bei ya kishkaji. Mpingo nikafuata Dar, Mwenge, wachongaji wanauza vipande vilivyobaki kwenye vinyago. Ila nenda na akili, kuna mbao nyeupe inapakwa rangi ya viatu inang'aa kuliko mpingo wenyewe! Mie nilibeba kisu, nakwangua kona, halafu naomba ndoo ya maji. Mpingo unazama moja kwa moja. Kipande kimoja kikaelea pale mbele ya wateja, muuzaji anaangalia pembeni, "kaka hicho kimechanganyika tu bahati mbaya". Haya bana.

Sasa gundi. Kwanza nilimsikiliza mjuaji mmoja, gundi nyeupe ya mbao, paka nyingi, bana, lala. Asubuhi nanyanyua bawa, linakuja lenyewe, gundi yote iko kwenye mfenesi, upande wa mpingo pasafi utadhani hapajaguswa. Yani mpingo una mafuta yake ndani na ni mgumu, gundi haina pa kuingia. Nikauparuza kwa msasa namba 80, nikafuta na thina kwa kitambaa cheupe mpaka kikaacha kuchafuka, ilivyokauka tu hapohapo nikapaka ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Usiseme ngoja nikanywe chai kwanza, mafuta yanapanda tena.

Klempu ndefu sina na sikununua. Nilichukua tyubu ya baiskeli nikaikata utepe mrefu, unavuta mpaka inakaribia kukatika unazungusha, unavuta unazungusha, kila raundi inaongeza nguvu juu ya nyingine, na chini yake weka nailoni isije ikaganda na chano. Inabana hata umbo lililopinda ambalo klempu ingeteleza.

Kuchimba tumbo lake sielezi, ni tezo na patasi.

Kilichotaka kunitoa roho ni msasa wa mwisho. Vumbi la mpingo jeusi linaingia kwenye vinyweleo vya mfenesi, mabawa yote yakawa na masizi. Mtu akaniambia osha na maji! Nyuzi zingesimama zote. Mzee mmoja mchongaji ndo alinipa dawa, kipande cha kioo cha dirisha. Unakiinamisha kidogo unavuta kufuata nyuzi, kinatoa maranda membamba badala ya vumbi, kwa hiyo hakuna cha kuchafua, na uso unabaki laini mpaka unaupapasa kama mwehu. Vumbi lililobaki nikalipuliza na pampu ya baiskeli ileile. Na vaeni barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na pua.

Kupaka, vanishi hapana, vijiko vitaibandua. Mafuta ya kupikia nayo yanachacha, chano kinanuka. Nilitumia nta ya nyuki ya Tabora kidogo, nikaiyeyusha juu ya maji ya moto pamoja na parafini ya maji ya duka la dawa, sio mafuta ya taa jamani, ile ya kulainisha choo. Nilivyoagiza chupa kadhaa dada wa dukani akaniangalia kwa huruma, akaniambia kaka kula mapapai.

Gharama sikuandika, ila na nauli ya basi nadhani haikufika laki. Shangazi kakiona, sasa anataka cha pweza. Nimemwambia sawa shangazi, ila mpingo wa mikono minane unaleta wewe.