Gari yako mwenyewe, breki zako mwenyewe

Mwaka wa tatu huu tangu niache gari ya tajiri nikanunua lori yangu ndogo, Canter, na kitu sikukijua mpaka nilipobaki peke yangu ni kwamba yule tajiri alikuwa ananibana kwa faida yangu. Kila Ijumaa asubuhi lazma gari ilale chini ya muembe wake, anaingia uvunguni mwenyewe na kipande cha boksi, anapapasa mabomba ya breki, anatazama zile taili za ndani ambazo sie madereva hatuzitazami. Mie nikiona ananichelewesha tu. Nilipopata yangu Ijumaa ikawa siku ya tripu kama siku nyengine.

Sasa siku hiyo nateremka mji wa Mkoani, huku kwetu Pemba, na matofali, ile miteremko ya kuingia mjini mnaijua, niko gia ya nne nafukuzia tripu ya pili, mguu hautoki kwenye breki. Mara pedali ikawa laini, nakanyaga inazama mpaka chini. Nikapampu, nikarudisha gia ya tatu kwa nguvu, ya pili, hendibreki, injini inalia, nikaibana gari kwenye ukingo wa udongo kushoto ikasimama. Mbele kama hatua 30 watoto wanatoka chuoni na misahafu yao. Utingo wangu hakusema neno mpaka Magharibi.

Lainingi, zile pedi zinazobana ngoma ya breki, zilikuwa mpya, hilo ndo lililoniuma. Kumbe mafuta ya breki yanavuta maji kwenye hewa, na sie kisiwani unyevu mwaka mzima. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, ikishaingia maji inashuka mpaka karibu 140, na ngoma za breki kwenye mteremko mrefu na mzigo zinapata moto mkali sana. Yakichemka yanatoa mvuke, mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, ndo pedali inazama. Mie nilikuwa naongezea juu yakipungua, sikuwahi kuyamwaga hata mara moja, na najua wengi wetu ndo tunavyofanya.

Na karatasi nilikuwa nazo zote jamani. Leseni, bima, leseni ya njia. Trafiki angenisimamisha asubuhi ile angenikuta na kosa la mzigo tu, maana gari ya tani 3 na nusu ni mifuko 70 ya saruji ya kilo 50, basi, lakini mwenye mzigo anakwambia tia 100 nakuongezea hela, hiyo tani 5, na breki ni zile zile. Mie siku hizi nakataa, nimepoteza wateja wawili kwa hilo na wala sijuti.

Kule Marekani mwenye lori lake binafsi anabanwa sawa na dereva wa kampuni: kuendesha mwisho masaa 11, yote ndani ya masaa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike masaa 10, na kabla ya kutoka lazma ajiridhishe gari iko sawa. Huku kwetu msimu wa karafuu mtu anaanza Konde alfajiri, saa nne usiku bado yuko barabarani, na hamna wa kumwambia lala.

Kwa hiyo Ijumaa imerudi. Naingia uvunguni na boksi langu, utingo anakanyaga breki mie natazama kama bomba linavuja, tunagonga taili, tunawasha taa zote. Mteremko nauingia na gia ile ile ambayo ningepandia, na fri, yaani kuitoa gari kwenye gia ikateremka yenyewe, sitii tena, ile habari ya kuokoa mafuta ni uongo, dizeli ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa haili kitu cha maana. Mafuta ya breki namwaga yote kila baada ya miaka 2, tunatoa hewa magurudumu yote manne, na tarehe nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva, utingo aione kila anaponifungulia.