Jina lipo, faili halipo

Ijumaa saa tatu na nusu usiku, na kesho yake kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kinavunjwa ili tugawane akiba. Wanachama 28, hisa za mwaka mzima, mikopo, faini, vyote vimo kwenye faili moja la Excel, na katibu ni mimi. Nikalibonyeza. Kompyuta ikazungusha kiduara chake, kisha ikaniletea ujumbe wa Kiingereza wenye namba 0x8007016A, maana yake ati mtoa huduma wa mafaili ya wingu hayuko kazini.

Nikabonyeza tena. Na tena. Kana kwamba ilikuwa haijanisikia.

Kilichonivuruga ni kwamba majina yote nayaona. Folda ya OneDrive, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, imejaa kama siku zote: hisa za Januari, hisa za Februari, mpaka picha za fomu za mikopo. Hakuna hata moja linalofunguka. Nikaingia kwenye sifa za faili. Ukubwa, MB 3. Chini yake, ukubwa kwenye diski, baiti 0. Nikashika tama. Watu wa vikoba tunaijua hali hiyo na tunaiogopa: kitabu cha mwanachama kimegongwa mihuri yote, sanduku likifunguliwa hamna kitu.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kufuta folda nzima ili nipakue kila kitu upya. Bahati nzuri nilimpigia kwanza mtoto wa dada yangu, aliyeko Dodoma.

“Mamdogo, usifute chochote!” Salamu hata hatujamaliza. Akanieleza kwamba faili la namna hiyo ukilifuta kwenye kompyuta linafutika na kule mawinguni, na wala halipiti kwenye pipa la taka la kompyuta. Ungelitafuta kwenye pipa la mtandaoni, ambako akaunti ya mtu binafsi hupewa siku 30. Mimi ningejuaje hayo saa nne za usiku?

“Fungua kwa simu kwanza, kwenye tovuti ya OneDrive, tuone kama lipo.”

Lipo. Limeguswa mara ya mwisho Jumamosi iliyopita, na jumla ya hisa ni ile ile ninayoikumbuka kichwani. Hapo nikaenda kunywa maji.

Kumbe chanzo nilikiandaa mwenyewe. Jumatatu ya wiki hiyo diski yangu ya GB 128 ilijaa, nikachagua mafaili ya OneDrive nikabonyeza pale pa kuachia nafasi. Nafasi nikaipata, nikafurahi, nikasahau. Utaratibu huo umo kwenye Windows 10 tangu mwaka 2017: jina linabaki kwako, mwili wa faili unakaa mawinguni, na pembeni ya jina unawekewa kialama cha wingu la buluu. Ukilibonyeza, programu ya OneDrive ndiyo inayotumwa kuuleta mwili. Programu ikiwa imelala, hakuna wa kutumwa.

Na nani aliilaza? Jumatano nilipeleka kompyuta kwa fundi, Barabara ya 12, feni ilikuwa inapiga kelele kama cherehani. Alipoirudisha akaniambia, “Mama, na mizigo nimekupunguzia, sasa inawaka chap.” Mizigo yenyewe ni zile programu zinazoamka pamoja na kompyuta. OneDrive ilikuwa mmojawapo. Simlaumu sana, maana mimi ndiye niliyelalamika kuwa mashine ni nzito.

Basi nikaandika jina OneDrive pale pa kutafutia, nikaifungua. Ikataka nywila, nikaipa. Ikataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya simu, laini ambayo nilishaitupa! Tukazunguka hapo karibu nusu saa mpaka mwanangu yule wa Dodoma akagundua kuwa naweza kuomba namba itumwe kwa barua pepe. (Ukimaliza kusoma, nenda kaangalie akaunti yako inaijua laini ipi.) Ilipokubali, ikaniambia imesitisha kazi kwa kuwa natumia mtandao wa kupimiwa. Kweli, niliuweka hivyo mwenyewe kulinda bando. Nikairuhusu iendelee.

Faili likafunguka saa tano kasoro. Sikusema neno, nilikuwa naogopa hata kupumua karibu nalo.

Kabla ya kulala nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda kwenye orodha ya programu zinazoamka na kompyuta, nikairudisha OneDrive. Kisha nikaibonyeza kulia folda ya kikoba nikachagua ikae kwenye kompyuta hii siku zote. Mawingu yakageuka moja moja kuwa duara la kijani lililojaa, lenye alama nyeupe ya vema katikati. Duara jeupe lenye mstari wa kijani halinitoshi tena, kwa sababu hilo lina maana kwamba faili limeshuka lakini linaweza kurudishwa juu nafasi ikihitajika. Nikanakili na kwenye flashi, nikaifunga kwenye ncha ya kanga.

Asubuhi steshenari ilikuwa na foleni ya wanafunzi. Nilifika kikaoni saa nne na dakika kumi na tano, karatasi bado za moto. Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, hakuniuliza nimelalaje. Faini ya kuchelewa ni shilingi 1,000. Nililipa, na kwa kuwa katibu ni mimi, nikajiandika.