Siku moja maishani mwangu: kuongoza wavuvi wa trauti Mto Yakima, mwezi Aprili

Saa 11 alfajiri. Kazi huanzia kwenye simu, kabla ya chai. Kituo cha Umtanum, ndani ya korongo la Mto Yakima jimboni Washington, Marekani, hupima mtiririko kwa futi za ujazo kwa sekunde. Wageni wengi huja wamekariri namba: 2,000 nzuri, 4,000 mbaya. Mimi huangalia namba inaelekea wapi. Mto wa 3,200 unaoshuka siku ya tatu mfululizo unavulika vizuri. Mto wa 1,900 uliopanda kwa 400 tangu jana usiku ni taabu tupu, kwa sababu maji yanayopanda huja na matope, vijiti na baridi ya theluji, na trauti, samaki wa maji baridi tunayemvua, huacha kula mpaka yatulie.

Mabwawa matatu ya juu, Keechelus, Kachess na Cle Elum, hushika maji ya theluji kwa ajili ya mashamba, kwa hiyo mto wenyewe hautibuki ovyo. Mchafuzi mkubwa ni Teanaway, mto mdogo usio na bwawa. Ndiyo maana baada ya Umtanum naangalia joto la usiku kule milimani. Likishuka chini ya sifuri, theluji huganda na Teanaway hutulia. Zikipita siku mbili bila baridi ya kugandisha, au mvua ya uvuguvugu ikinyeshea theluji, matope yako njiani na yatatufikia saa kadhaa baadaye. Kwenye mito ya Mlima Kenya, ambako trauti wa upinde wa mvua ni wa spishi hii hii, mvuvi angekuwa anahesabu mvua za masika. Hapa ni theluji.

Saa 12 na nusu. Mashua ni ya makasia, sakafu bapa: mgeni mmoja omo, mwingine tezi, mimi katikati. Nakaza vilete vya kushikilia makasia, naweka kasia la akiba, jaketi okozi tatu, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kila ndoana nabana kwa koleo ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha, maana sheria hapa inataka ndoana isiyo na mwiba huo, chambo hakiruhusiwi, na kila trauti hurudishwa mtoni.

Saa 3 asubuhi, Umtanum. Simu haisemi maji yana rangi gani, kwa hiyo nachovya kasia wima. Ubao ukionekana hadi sentimita 60, na maji yana ukijani wa chupa, siku ni njema. Ukionekana hadi 30, bado tunavua, ila kwa nzi bandia, yaani ndoana zilizovishwa nyuzi na manyoya zifanane na wadudu, wakubwa na weusi, tena kandokando ya ukingo. Ukipotea kwenye 15, mtu arudishiwe pesa yake, mambo ya kujikaza hayana maana. Kisha kipimajoto: nakiacha majini dakika nzima, kivulini. Asubuhi za Aprili mara nyingi ni nyuzi 5. Natafuta 7, na hiyo haitafika kabla ya mchana, kwa hiyo sina haraka ya kuingia mtoni.

Saa 4 hadi saa 6. Maji baridi humweka trauti chini, kwenye maji ya polepole, na hasogei mbali kufuata chakula. Tunamfuata huko kwa tunutu wa bandia, yaani mfano wa mdudu kabla hajaota mabawa. Uzi wa 3X (X ni kipimo cha unene, 4X ni mwembamba zaidi) wa mita 2.7, tunutu wa kwanza namba 8 (namba ikikua, ndoana ni ndogo zaidi), kahawia, mwenye miguu ya mpira, wa pili namba 16, sentimita 45 nyuma yake kwa uzi wa 4X, chubwi moja sentimita 20 juu ya wa kwanza. Umbali kutoka kwenye kiboya hadi kwenye chubwi ni mara moja na nusu ya kina cha maji.

Kosa linalojirudia ni chubwi kutogusa chini kabisa. Inapaswa kugusa mawe kila mpito wa tatu au wa nne. Isipogusa, ongeza chubwi ndogo kabla ya kusogeza kiboya. Ikinasa kila mara, punguza. Kosa la pili ni mshipi kupinda: mkondo wa katikati una kasi kuliko wa ukingoni, unaukokota mshipi, na tunutu anakimbia kuliko maji yanayomzunguka. Dawa yake ni kuunyanyua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mto mara tu kiboya kinapotua. Ukisubiri sekunde mbili umechelewa.

Saa 6 na nusu. Chakula ukingoni, na onyo moja kabla mtu hajatia mguu majini. Majira haya trauti wanataga. Kiota ni bapa la kokoto safi, jeupe kuliko mawe ya jirani yenye ukungu wa kijani, lina shimo upande wa juu na tuta upande wa chini. Mayai yamo kwenye tuta, na ndipo mtu asiyejua hukanyaga.

Stilihedi nao hupanda kutaga majira haya. Ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda baharini akarudi, baada ya kuvuka mabwawa manne ya Mto Columbia. Wa huku wako kwenye orodha ya serikali ya samaki walio hatarini tangu 1999, na kuwavua kwenye Yakima hakuruhusiwi. Akinasa kwa bahati mbaya, hatolewi majini hata kwa picha: ndoana inachomolewa akiwa ndani ya maji, au uzi unakatwa.

Saa 7 hadi saa 10. Hizi ndizo saa tulizozilipia. Maji yakifika nyuzi 7, skwala huanza kutembea. Ni mdudu wa mawe wa sentimita mbili hivi, tumbo la kijani cha zeituni. Haibukii katikati ya mto kama wengine. Tunutu wake hutambaa hadi kwenye mawe makavu na kujivua hapo, na maganda matupu utayaona yameng'ang'ania mawe. Jike hurudi majini kutaga mayai. Kwa hiyo trauti humngoja sentimita 30 kutoka ukingoni, chini ya mierebi, na nzi akitua mita moja nje hana kazi.

Navuta makasia kinyume na mkondo ili mashua iende polepole kuliko maji. Mgeni anarusha mbele ya omo kwa mshazari, uzi wa 4X, nzi namba 10 anayeelea kwa kujilaza juu ya maji. Trauti humeza taratibu, na mgeni hushtuka akavuta mapema mno. Namwambia angoje kichwa cha samaki kizame ndipo anyanyue fimbo. Mawingu yakitanda, wadudu wadogo wa namba 14 hutoka katikati ya mto kwa saa moja tu, na hapo tunabadilisha haraka. Upepo wa Ellensburg, mji wa jirani, ukichachamaa tunarudi kwenye tunutu, bila mjadala.

Saa 11 jioni, Roza. Hii ndiyo gati ya mwisho kabla ya bwawa, haipitwi. Buti husuguliwa kwa brashi na maji ya mashua humwagwa hapo hapo, kwa sababu konokono wadogo wa New Zealand, ambao wameshaenea kwenye mito mingi ya magharibi, huishi siku nyingi ndani ya unyevu wa soli. Nzi waliotumika hawarudi kisandukuni. Hukauka usiku kucha juu ya sponji, la sivyo kutu yao huhamia kwa wapya.