Mchele na Mchanga Wake

Wapendwa katika Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha,

Juma hili tuingie jikoni. Mwaka 1237, katika monasteri ya Kōshōji karibu na Kyoto, Japani, Dōgen, mwalimu wa Zen, tawi la Ubuddha linalosisitiza kutafakari, aliandika maagizo kwa mpishi mkuu wa watawa. Maagizo hayo yanaitwa Tenzo Kyōkun. Tenzo ndiye huyo mpishi, mmoja wa wasimamizi sita wa monasteri ya Zen, na kazi hiyo ilipewa watu waliokomaa katika mazoezi. Sehemu kubwa ya maandishi ni mambo ya kazi tu: mchele uoshe kwa mikono yako mwenyewe, maji ya kuoshea yachuje kwa kitambaa ili punje isipotee, kila chombo kikishatumika kirudi mahali pake, cha juu kikae juu na cha chini kikae chini. Mwishoni anataja mioyo mitatu ambayo mpishi anatakiwa kuwa nayo, na wa kwanza ni moyo wa furaha.

Sababu anayoitoa inashangaza. Mpishi afurahi kwamba hakuzaliwa mbinguni. Katika mafundisho yetu, viumbe wa mbinguni wana raha isiyokatika, na raha hiyo huwalevya hata wasione haja ya kuamka. Aliyezaliwa katika mateso ya motoni naye hapati nafasi, maana maumivu hayamwachii pumzi. Binadamu yuko hapa katikati: mchele una mawe, kuni zina unyevu, mgongo unauma, na bado mikono inaweza kumpikia mtu chakula. Kwa hiyo hiki tunachokiita mapungufu ya maisha, kwa Dōgen, ndimo mnamopatikana nafasi yenyewe ya kutenda. Binafsi naliona hili kuwa fundisho la faraja kubwa, kwa sababu halimwambii mtu asubiri mambo yanyooke kwanza ndipo afurahi.

Anaendelea kusema kwamba ukipewa mboga duni usizidharau, na ukipewa vyakula vya thamani usilegee. Anayebadili moyo kwa kufuata ubora wa vitu ni sawa na anayebadili lugha yake kulingana na cheo cha mtu aliye mbele yake. Tunawajua watu wa namna hiyo, na tukijichunguza vizuri tutakuta jikoni tunafanya vivyo hivyo: pilau ya wageni tunaisimamia kwa macho mawili, mchicha wa Jumanne tunaukatakata huku tunasoma ujumbe kwenye simu.

Sasa tuje kwenye ungo. Chukua nusu kilo ya mchele na uumwage kidogo kidogo, kiasi cha kiganja kimoja, ukiwa umekaa penye mwanga. Yatoke mawe, zitoke chuya, pumba zipepetwe. Dōgen anaagiza kwamba ukitazama mchele usiupoteze mchanga machoni, na ukitazama mchanga usiupoteze mchele. Hili ndilo zoezi lenyewe, nalo lina makosa mawili. La kwanza ni la anayeona mchanga peke yake: ananung'unika juu ya muuzaji, juu ya bei, juu ya nchi nzima, na vidole vyake vinakuwa vikali hata anatupa chenga nzuri pamoja na mawe. La pili ni la anayejiambia kwamba mambo yote ni ya kupita, basi mawe machache si neno. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ameuvika uzembe wake vazi la Dhamma. Jiwe alilolipuuza litavunja jino la mtoto. Kukubali kwamba mchele una mawe kunamaanisha kukaa chini na kuyatoa bila hasira, yote unayoweza kuyaona, kisha kupika ukijua kwamba moja huenda limekupita.

Katika maagizo hayo hayo, Dōgen anakumbusha kisa cha watawa wawili wa China wa karne ya 9. Xuefeng alikuwa mpishi kwa mwalimu Dongshan, akawa anaosha mchele. Mwalimu akamuuliza: unatoa mchanga kwenye mchele, au mchele kwenye mchanga? Xuefeng akajibu kwamba vyote anavitoa kwa pamoja. Mwalimu akauliza: watawa watakula nini, basi? Xuefeng akakipindua chombo. Dongshan akamwambia kwamba atakuja kukutana na mwalimu mwingine. Jibu la Xuefeng lina ujasiri, lakini swali la Dongshan lilibaki limesimama pale pale, kwa kuwa kulikuwa na watu wenye njaa.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeipokea Dhamma kwa njia ya Theravada, tawi la kale la Ubuddha, iwe kupitia hekalu la Upanga, Dar es Salaam, au kituo cha Entebbe alichokianzisha mtawa Bhante Buddharakkhita mwaka 2005. Kwetu sisi fundisho hili linakaa vizuri pamoja na hotuba iitwayo Sallatha Sutta, pale Buddha anapoeleza mishale miwili. Maumivu ya mwili ni mshale wa kwanza, nao humpata mwenye hekima na asiye na hekima. Asiyefundishwa huomboleza na kujipiga kifua, na hapo anachomwa mshale wa pili, ule wa moyoni.

Tuseme wali umeungua. Moto ulikuwa mkubwa baada ya maji kukauka, au ulipalia makaa juu ya mfuniko ukasahau kupunguza yale ya chini. Huo ni mshale wa kwanza, na dawa yake ni ya jikoni: epua mara moja, usikoroge, hamishia wali wa juu kwenye sufuria nyingine bila kuugusa ule wa chini, maana ukikwangua tu harufu ya moshi inaingia kote. Ukoko uliogeuka rangi ya dhahabu ni chakula, na watoto wataugombania. Uliokuwa mweusi utie maji uache ulainike. Mshale wa pili ni maneno yanayofuata kichwani: siku zote naharibu, wageni watanionaje, fulani asingekosea hivi. Maneno hayo hayaokoi hata punje moja, na mara nyingi ndiyo yanayofanya mboga iliyo kwenye jiko la pili nayo iungue.

Kwa siku saba zijazo, chagua kazi moja tu ya jikoni, ile ile kila siku. Kuchambua mchele au maharage kunafaa, kuosha vyombo kunafaa. Simu iwe chumba kingine. Kabla ya kuanza, vuta pumzi tatu na ukumbuke kwa jina mtu mmoja atakayekula. Ukiwa kazini, kila kasoro utakayoiona, jiwe, nyanya iliyooza upande, kisu butu, jiulize mambo mawili kwa mpangilio huu: naweza kuiondoa au kuirekebisha sasa? Kama ndiyo, fanya. Kama siyo, je, chakula bado kinaweza kumfaa huyu mtu? Karibu kila mara jibu ni ndiyo, na pale ndipo uutazame moyo wako kwa utulivu, uone kama furaha ipo. Usiilazimishe. Siku ya kwanza na ya pili watu wengi hukuta uchovu tu, au uharaka, na huo nao uuone ulivyo.

Kuna tatizo moja la kuangalia hasa: kufikia katikati ya juma, zoezi huanza kugeuka mashindano, mtu anataka kuchambua kwa utulivu kuliko jana. Ukiliona hilo, punguza kipimo, chambua kiganja kimoja kwa makini, kilichobaki kifanye kama kawaida. Na siku ukisahau kabisa, usirudie mara mbili kesho yake kwa kufidia. Anza tena na mlo unaofuata, hata kama ni chai na mkate.